Kidonge kwa Tumbo Tupu

Maneno yenyewe hayakuwa makali. Mchomeleaji alirudi kutoka karakanani siku hiyo mikono mitupu, maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na geti la mteja lilibaki limelala sakafuni, nusu limeungwa, nusu bado. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya unga, akafunua kifuniko, akachungulia, akakirudisha polepole.

"Hivi unga huu tunaula sisi au tuna panya?" alimuuliza mkewe.

Mkewe ndiyo kwanza alikuwa amefika, bado amevaa sare yake ya kufanyia usafi maofisini. Alimwonyesha pazia kwa macho: mama yumo. Mume hakupunguza sauti, wala hakuipandisha.

"Simsemi mtu. Nasema tu, tulipokuwa wawili ndoo hii ilitufikisha mwisho wa mwezi. Sasa hata katikati hatufiki."

Basi. Hakutukana, hakutaja mtu. Alinawa, akala, akamrusha binti yake hewani na kumdaka mpaka mtoto akapata kwikwi kwa kucheka, na kabla ya kulala alikuwa amekwisha kuyasahau maneno yake. Hakuwa mtu mbaya. Majirani walimwita Cheche, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Cheche huruka ikazimika, na aliyeirusha haangalii imeangukia wapi.

Nyuma ya pazia mama mkwe wake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akikunja nepi za mjukuu. Aliyasikia yote. Aliendelea kukunja, nepi juu ya nepi, akizinyoosha kwa kiganja. Bintiye alipomwita kula, alijibu kwa sauti nyepesi kabisa, "Nyie kuleni. Mimi nimeshakula."

Alikuwa amekuja kumwuguza bintiye alipojifungua, akabaki kumlea mtoto ili mama yake arudi kazini. Alipenda kutania kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, na kwamba jembe alilopewa yeye lina meno mawili na linang'ata. Maisha yake yote alikuwa ameshona sare za shule, akajilisha na kumlisha bintiye bila kugonga mlango wa mtu, mpaka macho yalipokataa kuliona tundu la sindano. Kula cha mtu kulikuwa kugeni kwake. Baada ya maneno ya ndoo, kukawa kugumu kama kumeza jiwe.

Hakugoma. Kugoma kungeonekana. Alipika kama kawaida, akapakua kama kawaida, akamlisha mtoto. Ila sahani yake mwenyewe ilikuwa daima imeshaoshwa. Asubuhi alikunywa chai kavu baada ya wenye nyumba kuondoka, mchana alilamba kilichobaki kwenye bakuli la mtoto, na jioni alikuwa ameshakula.

Siku chache baadaye aliteleza bombani. Alikuwa na mtoto mkono mmoja na ndoo ya maji mkono wa pili, na sabuni ya majirani ilikuwa imefanya sakafu ya uwanja kuwa kama kioo. Aliiachia ndoo, akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, akaliacha goti lake lipokee saruji. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Goti likavimba likawa kama boga.

Usiku huo hakulala, na asubuhi hakuweza kusimama. Bintiye alisimama mlangoni akiwa ameshavaa viatu, mara anautazama mguu wa mama yake, mara anaitazama njia.

"Nisipoenda leo, msimamizi anamwita yule mwingine. Yupo anasubiri tu," alisema.

"Nenda," mumewe alimwambia. "Mama nitampeleka mimi."

Mama mkwe alisema si lazima, angepaka mafuta ya moto tu. Mkwewe hakumsikiliza. Aliazima baiskeli, akamkalisha kwenye karia, akaikokota kwa miguu hadi zahanati. Njia nzima mama alishika kiti cha baiskeli badala ya bega la mkwewe, na kila walipopishana na watu wanaowajua alijifunika upande wa uso kwa mtandio.

Daktari alikuwa dada mwenye miwani na sauti ya upole. Alimwamkia mama, akaliminya goti huku na huku, akalikunja, akalinyoosha, akasema mfupa haukuvunjika, ni nyama na mishipa iliyoshtuka. Kisha akaanza maswali, kalamu mkononi.

"Una presha, mama?"

"Sina."

"Kuna dawa nyingine yoyote unatumia?"

"Hakuna."

"Umewahi kuumwa vidonda vya tumbo? Hata zamani?"

Mama aliviangalia viatu vya mkwewe, vilivyotobolewa na moto wa kuchomelea. Zamani, enzi za cherehani, aliwahi kulazwa kwa vidonda vya tumbo. Alitapika mpaka akadhani anatapika roho. Lakini mkwewe alikuwa amesimama pale, ameacha kazi, amemkokota kwenye baiskeli kama gunia. Mtu haingii kwenye nyumba ya watu na maradhi mawili. Hata moja ni mzigo.

"Sijawahi," alisema.

"Una hakika? Kwa sababu ungekuwa na historia hiyo nisingekupa hii. Ningekupa kitu kingine."

Mama alifungua kinywa. Huenda angesema. Lakini mkwewe, ambaye mawazo yake yalikuwa kwenye geti lililolala karakanani, aliuliza wakati huohuo, "Hicho kingine kipo hapa, daktari, au ndiyo mpaka tukanunue nje?" Mama akafunga kinywa.

"Sijawahi, mwanangu," alirudia.

Daktari akaandika. Akampa mama vidonge mkononi lakini akawa anawatazama wote wawili. "Hii ni dawa ya maumivu na uvimbe, na ina nguvu. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kila mara uwe umekula. Usiinywe kwa tumbo tupu. Usizidishe, hata goti likikuuma vipi. Usiichanganye na dawa nyingine ya maumivu. Tumbo likiuma, ukitapika, au ukiona choo kimekuwa cheusi, acha siku hiyohiyo na uje. Na hizi zikiisha, basi. Kama goti bado, njoo nilione mimi, msiende kununua nyingine. Mguu uupumzishe."

"Tumesikia," alisema mchomeleaji.

Alikuwa amesikia kweli. Ila alisikia kama mtu anavyosikia matangazo redioni akiwa anatafuta funguo.

Kumpumzisha mlezi wa mtoto katika nyumba ya watu wawili wanaotoka asubuhi ni jambo rahisi kulisema zahanati. Siku ya kwanza jirani alisaidia. Siku ya pili jirani alikuwa na mambo yake. Mama akagundua kwamba kidonge kikishaingia, goti hunyamaza, na mtu anaweza kuinuka, akafua, akapiga deki, akambeba mtoto. Akagundua pia kwamba vikiwa viwili kwa pamoja hunyamaza zaidi. Akawa anavimeza viwili viwili, asubuhi, kwa chai kavu. Jioni vilevile, kwa maji. Chakula alichotakiwa kula kabla ya kumeza kilikuwa chunguni. Alikipika kwa mkono wake, alijua kipo kiasi gani, na ndiyo maana hakukigusa. Tumbo lilimwunguza. Alijiambia tumbo lililozoea uvivu lazima lilalamike.

Mkwewe alifurahi. "Umeona dawa za daktari?" alimwambia mkewe. "Mama anatembea utadhani ana goti jipya." Jioni moja alifunua ndoo ya unga, akapiga mluzi. "Na wewe siku hizi umejua kubana, mke wangu. Unga unadumu."

Mkewe aliinama akafungua kamba za viatu vyake, ingawa alikuwa ameshazifungua. Alikuwa ameona gauni la mama yake likining'inia mabegani kama limetundikwa msumarini. Alikuwa ameona chungu kinavyobaki na chakula. Alikuwa amemuuliza mara moja, "Mama, unakula kweli?" akajibiwa, "Mimi na mtoto mchana kutwa tunatafuna, utadhani mbuzi." Akacheka, akaukubali utani, kwa sababu kutoukubali kungemlazimu kufanya kitu: kuzungumza na mumewe, kugombana labda, kukosa usingizi na kesho kazi. Alichoka. Alijua, lakini alilala juu ya kile alichokijua, na asubuhi alitoka kabla hakujapambazuka vizuri.

Vidonge viliisha. Goti lilipokosa dawa likaamka kwa hasira, na mama alilisubiri pazia lisogee ili aseme bila kuonekana anaomba.

"Mwanangu, ukipita karibu na duka la dawa, zile za mguu zimekwisha. Kama haikupi tabu. Nina senti zangu kidogo hapa."

"Weka senti zako, mama. Nitaleta."

Mkwewe alisema hivyo kwa moyo mweupe. Kurudi zahanati kungemla asubuhi nyingine nzima, na umeme ulikuwa umerudi. Alipita dukani akielekea kazini, akamwonyesha muuzaji karatasi tupu ya vidonge.

"Hizi ni za cheti," alisema muuzaji. "Una karatasi ya daktari?"

"Imebaki nyumbani."

"Mgonjwa ni nani? Mtu mzima sana?"

"Mama yangu. Wa kawaida tu."

"Daktari alisema aendelee?"

Mchomeleaji aliitazama saa ukutani. "Alisema aendelee mpaka apone."

Muuzaji alimtazama kidogo, kisha akavuta kasha. Kulikuwa na foleni nyuma. "Ale kwanza ndiyo ameze," alisema huku akifunga. "Mwambie."

"Anajua huyo," alijibu mchomeleaji, na hilo halikuwa uongo.

Choo cha uwanja kilikuwa cha wote, na bomba lilikuwa mbele yake, kwa hiyo aingiaye na atokaye huonwa na kila anayefua. Mama alipoona kwa mara ya kwanza choo chake kimekuwa cheusi tii, kizito kama lami, alisimama pale akiwa ameshika ukuta. Alikumbuka maneno ya dada mwenye miwani. Aliyakumbuka yote, neno kwa neno. Akamwaga maji, akamwaga tena, akatoka akawasalimu wanawake wa bombani kama kawaida.

Angemwambia nani? Bintiye huja amechoka hata kope zinamlemea. Mkwewe? Mtu amwambie mkwewe habari za choo chake? Ingekuwa homa angesema. Ingekuwa kichwa angesema. Na akishasema, wataulizana: alikula? Alikunywa vingapi? Mbona alificha vidonda vya zamani? Aibu zote zingetolewa uwanjani kama nguo zikaanikwa kamba moja. Akaona heri avumilie, huenda pakacha litavuja lenyewe na kukauka.

Halikukauka. Alianza kuona giza kila akiinuka. Akawa anamkalisha mtoto sakafuni badala ya kumbeba, na anafua ameketi.

Mchomeleaji alirudi mchana kweupe, umeme umekatika tena. Alimkuta mtoto amekaa mlangoni mwa chumba akicheza na mtandio wa bibi yake, anauvuta, unakuja kidogo, anacheka. Upande wa pili wa mtandio ulikuwa umelaliwa.

Mama alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta. Kando ya kichwa chake kulikuwa na matapishi kama makapi ya kahawa. Kanga ilikuwa imeloa chini yake, nyeusi, na harufu ilimfikia mchomeleaji kabla hajavuka pazia.

"Usiingie," alisema mama. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa amri. "Mwite mwanangu."

"Yuko mbali, mama. Mpaka afike—"

"Basi mwite jirani. Mwanamke yeyote. Usiingie."

Alitoka mbio uwanjani. Bombani hapakuwa na mtu. Saa ile ilikuwa ya sokoni. Aligonga milango, akampata bibi kipofu wa chumba cha mwisho, ambaye alimpokea mtoto akasema huyu nitakaa naye, kimbia. Akarudi. Mama alikuwa amejaribu kujivuta, akashindwa, amejifunika uso kwa kiganja.

"Nisamehe, mama," alisema, akaingia.

Hakujua aanzie wapi. Alileta maji kwenye beseni la mtoto. Alimvua kanga ile huku amegeuza uso ukutani, akimwosha kwa kupapasa kama mtu afanyaye kazi gizani, na kila mkono wake ulipokosea mama alishtuka bila kutoa sauti. Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililomgusa mchomeleaji kabla ya yote. Kila siku aliinua vyuma na kuujua uzito wa kitu kabla hajakinyanyua. Alijiandaa kunyanyua mtu mzima, akamnyanyua mtu asiyekuwa na uzito, nusura amrushe. Mbavu zilihesabika chini ya vidole vyake. Alimfunga kwa shuka lake mwenyewe, akambeba mikononi hadi barabarani, na watu waliokuwa wakirudi kutoka sokoni walisimama pembeni wakaacha njia.

Hospitali ilikuwa kubwa na daktari wa zamu alikuwa mwanamume wa makamo asiyepoteza maneno. Waliweka dripu, wakachukua damu, wakaagiza nyingine ya kumwongezea. Binti alifika na sare yake, akihema, akawakuta wote wawili wamesimama kwenye korido: mumewe akiwa na madoa kifuani, na daktari akiwa na karatasi ya vidonge mkononi.

"Tumbo linavuja damu ndani," daktari alisema. "Kidonda. Dawa hii inaweza kukitoboa, hasa kwa mtu wa umri wake. Nani alimwandikia?"

"Zahanati, alipoanguka," alisema mchomeleaji.

"Hizi hazina lebo ya zahanati."

"Zile ziliisha. Hizi nilinunua mimi."

"Kwa cheti?"

Mchomeleaji alianza kuparuza doa kifuani mwake. Daktari hakurudia swali.

"Aliwahi kuwa na vidonda vya tumbo?"

"Hapana," alisema mchomeleaji.

"Ndiyo," alisema mkewe. "Nikiwa darasa la tatu. Alilazwa." Alimgeukia mumewe. "Hakuwaambia kule?"

"Aliulizwa mbele yangu. Akasema hajawahi."

"Alikuwa anakula?" aliuliza daktari.

Korido ilikuwa na watu. Kulikuwa na mama aliyeshika chupa ya mkojo, na mzee mwenye bandeji ya jicho, na wote wawili walikuwa wanasikiliza, kwa sababu hospitali haina kazi nyingine ya kufanya mtu akisubiri.

"Alikuwa anasema amekula," alisema mchomeleaji.

"Sijauliza alikuwa anasema nini."

Binti aliutazama ukuta. Ndiye aliyejibu. "Hakuwa anakula. Au alikula kidogo sana."

Daktari aliandika. Huenda aliona kitu kwenye nyuso zao, maana alilegeza sauti. "Sikilizeni. Si njaa peke yake. Hata mwenye kushiba dawa hii humwumiza akizidisha, au akienda nayo muda mrefu, au akiwa na kidonda cha zamani. Yeye alikuwa navyo vyote. Kama dalili ya kwanza mngekuja, ingekuwa hadithi nyingine." Akaondoka.

Alikuwa amewaachia mlango wa kutokea, si njaa peke yake, lakini hakuna aliyepita. Waliketi kwenye benchi.

"Alikusikia," alisema mke.

"Alinisikia nini?"

"Habari ya unga. Panya."

Mume alikunja uso, akitafuta. Ilimchukua muda, na kule kuchukua muda kulimwumiza mkewe zaidi ya maneno yenyewe. Kisha akakumbuka, na mkewe aliona alipokumbuka, kwa sababu aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa magoti.

"Na wewe ulijua kwamba hali chakula?"

"Nilikuwa naona chungu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasema unga unadumu," alisema mkewe. "Ulikuwa umefurahi."

Hawakugombana. Kugombana kungewafaa, kila mmoja angepata cha kumtupia mwenzake akabaki mwepesi. Baadaye mchomeleaji alikwenda dirisha la damu akakunja mkono wa shati, akasema mnitoe damu ya kumpa mama mkwe wangu. Muuguzi alimshukuru, akamweleza kwamba damu yake itaingia akiba, itapimwa, na itampata yeyote mwenye haja nayo. Mama alikuwa ameshapewa ya watu wengine. Alitoa hivyohivyo. Alipotoka pale, pamba kwenye kiwiko, alikuwa bado hajalipa kitu.

Mama alizinduka vizuri, wakamhamishia wodini. Bintiye alilia, akamkemea, akamchana nywele. Mchomeleaji alikuja kila siku baada ya kazi, akasimama upande wa miguu, akauliza hali, akaondoka. Siku moja alibaki. Aliushika ukingo wa kitanda kama anapima chuma.

"Mama, yale maneno niliyosema kuhusu unga—"

"Maneno gani?"

"Ya siku ile. Niliporudi, nikafunua ndoo."

"Sikusikia maneno yoyote, mwanangu," alisema mama. Alilitazama dirisha. "Masikio yangu siku hizi ni kama macho yangu."

"Mama, ulisikia."

"Ukisema nilisikia, basi mimi ni mtu aliyesikia kitu kama hicho, akakaa. Usinifanyie hivyo. Sikusikia."

Alibaki na msamaha wake mkononi, hana pa kuuweka. Aliuliza kama anahitaji chochote. Mama alisema hahitaji.

Siku ya kuruhusiwa, daktari wa makamo aliwaita wote watatu. Alimpa mama dawa za kuponya kidonda, akamwambia zile za goti asiziguse tena maisha yake, wala ndugu zake wanaouzwa kwa majina mengine kwa ajili ya kichwa na mgongo. Kila atakapoenda kutibiwa, neno la kwanza liwe hili: nimewahi kutokwa damu tumboni. Aliseme hata kama hakuulizwa, na mbele ya yeyote yule.

"Nitasema," alisema mama.

"Na ale. Kidogo kidogo, kwa wakati. Nani atamsimamia?"

"Mimi," alisema mchomeleaji.

"Wewe ni nani wake?"

"Mwanawe."

"Ni mume wa binti yangu," mama alirekebisha kwa adabu, akifunga mtandio.

Nyumbani bintiye alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja. Alipika mapema, laini, akapakua sahani tatu, akatandika mkeka, akamweka mtoto katikati. Walinawa. Mchomeleaji aliomba baraka, akakaribisha. Mama alisema asante. Aliuchukua mkono wake akauweka karibu na sahani, na ukabaki pale.

"Kula, mama," alisema bintiye.

"Ninakula."

Alimega kidogo, akampa mtoto. Akamega tena, akampa mtoto. Mchomeleaji alikuwa ameinamia sahani yake, lakini alikuwa anautazama mkono ule, na mama alikuwa anajua kwamba unatazamwa. Bintiye alitaka kusema kitu. Chakula kikaanza kupoa.

Mchomeleaji aliinuka na sahani yake. Mkewe alimtazama kwa hofu, akidhani amekasirika. Mume alitoka, akavuta mlango nyuma yake bila kuubamiza, akakaa kwenye kizingiti akaupa mlango mgongo. Manyunyu yalikuwa yanaanguka uwanjani, membamba, yakiingia kwenye sahani.

Jirani mmoja aliyekuwa anakimbiza nguo zake kutoka kambani alimwona, akacheka. "Vipi, Cheche? Umefukuzwa ndani?"

"Ndani joto," alijibu.

Jirani alitazama mvua, akamtazama yeye, akaingia kwake. Mchomeleaji aliendelea kukaa. Kisha akasikia nyuma ya mlango bakuli likivutwa sakafuni, na sauti ya mtoto ikilalamika kwa kunyimwa, na sauti ya mama mkwe wake, imejaa chakula, ikimwambia subiri, hiki ni cha bibi.